Batuli wa Brashi na Vitoto vya Kamba

Batuli binti Shee aliolewa mara tatu, akaachwa mara tatu, na kila mara aliyehama nyumba alikuwa mume. Hilo alitaka watu walijue mwanzo kabisa, kabla hawajaanza kumwonea huruma. Mume wa kwanza, wa kwao Faza, alikwenda Mombasa kununua kitanda na mpaka leo hajakipata. Wa pili alioa mke mwingine kwa siri, siri yenyewe ikawa inajulikana hadi na paka wa mtaani. Wa tatu alikuwa fundi saa wa Malindi, mtu mpole aliyeishi kwa kunong'ona, ambaye siku ya talaka alimtuma jirani akaiseme kwa niaba yake, yeye akajificha msikitini.

"Hata hivyo sauti yake niliisikia," Batuli alikuwa akisimulia. "Alikuwa anaomba dua nisijue katokea mlango gani."

Fundi saa alipokwisha kwenda zake, kodi ya nyumba ikamshinda, Batuli akahamia mtaa wa Kisumu Ndogo, chumba kimoja chini ya bati lililopiga kelele kuliko yeye, na akashika kazi ambayo Malindi nzima iliijua na hapana aliyekubali kuwa ipo. Alikuwa mpiga brashi wa kamba.

Si wale kamba wadogo wa kukaangia mchuzi. Hawa ni kamba wa mawe, wenye ndevu ndefu kama bakora, ambao hoteli za ufukweni ziliwapenda kuliko zilivyowapenda wafanyakazi wake. Kamba jike akipata mayai huyabeba chini ya mkia, yameshikana kama punje kwenye suke, ndiyo maana wavuvi wakayaita mtama. Mtama mchanga una rangi ya chungwa. Ukikomaa huwa mweusi, vitoto vikangojea kutoka. Sheria ya serikali ilisema jike mwenye mtama arudishwe baharini. Sheria ya hoteli ilisema lori lisirudi tupu. Katikati ya sheria hizo mbili akawekwa Batuli na brashi ya makumbi ya nazi. Alimshika jike, akamnyoosha mkia, akasugua mpaka tumbo likawa safi kama la dume, na mtama ukateremkia mferejini. Aliyeuza hakuvunja sheria, maana mtama haupo. Aliyenunua hakuvunja sheria, maana hakuuona. Na mgeni aliyeketi chini ya feni, amefungwa kitambaa shingoni kama mtoto anayelishwa uji, hakujua kama kuna sheria. Ikabaki brashi peke yake ndiyo yenye hatia.

Tajiri wa kazi hiyo alikuwa Abdulhalim wa mtaa wa Shela, hapo hapo Malindi, mtu mwenye tasbihi ndefu na kumbukumbu fupi. Nyuma ya nyumba yake, ukingoni mwa bahari, alijenga birika la mawe na saruji la kuwafugia kamba mpaka lori lije. Juu aliliezeka kwa makuti yaliyoshuka mpaka karibu na ukuta, likawa kibanda chenye milango miwili, kwa sababu kamba mkubwa hapendi mwanga. Ukimwanika hujipigapiga, akavunja miguu, na hoteli haitaki kilema. Ukuta wa upande wa bahari ulikuwa na tundu lililozibwa kwa kizibo cha mti. Maji yakijaa nje, kizibo huvutwa, ya ndani yakatoka na mapya yakaingia.

Humo gizani Batuli alikuwa malkia. Kadii, mwanamke wa Tezo aliyekuja Malindi kutafuta kibarua, alimtolea kamba mmoja mmoja. Batuli alisugua, akatukana, akasimulia, akasugua. Mwaka uliotangulia, redio ilipokuwa ikitangaza mkutano wa wanawake wa dunia nzima uliofanyika Nairobi, alikaa na redio siku zote zile akingoja wajumbe wafike kwenye habari ya wanawake wanaosugua matumbo ya kamba. Hawakufika. Akazima. "Hao wameshiba," alisema.

Lakini malkia alikuwa na siri. Macho yake yalikuwa yanakwenda. Mtoto wa jicho alimwingia kwanza kushoto, kisha kulia, na dunia ikawa kama inaonekana nyuma ya pazia la chumbani. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alitoa kioo cha mkono katika kikapu chake, akakishika mbele ya uso asiouona tena, akapaka wanja kwa mazoea. Kazi aliifanya kwa vidole. Wakimuuliza, alijibu kuwa yeye anaona mpaka Lamu, na kule Lamu anaona walichopika.

Alikuwa na sababu ya kuficha. Abdulhalim aliwahi kuwa na mpiga mbizi aliyeharibika masikio kwa kumfuata kamba kwenye kina. Siku masikio yalipokufa, na kazi ikafa. "Ndoo iliyotoboka haichotewi maji," alisema Abdulhalim huku akihesabu tasbihi. Batuli alikuwepo siku ile. Alijua kuwa siku tajiri atakapojua habari ya macho, na yeye atakuwa ndoo.

Basi jioni moja, msimu wa wageni umepamba moto, Fumo mpiga mbizi akaja na gunia limejaa. Fumo alikuwa kijana wa kujisifu. Uvuvi wake ulikuwa wa kumfunga pweza kwenye ncha ya fimbo na kumwingiza pangoni. Kamba akimwona pweza hutoka mbio kinyumenyume, moja kwa moja mikononi mwa Fumo.

"Haya, Bi Batuli, nimekuletea wageni," alisema Fumo. "Waogeshe vizuri, kesho asubuhi lori lipo hapa."

"Hata waosha maiti hawaharakishwi hivi," akajibu Batuli. "Lete."

Jioni hiyo akili yake haikuwa kwenye kamba. Habari zilikuwa zimefika kuwa fundi saa anaoa tena, na anaoa binti wa mtu aliyewahi kusema Batuli hana adabu. Akawa anamsimulia Kadii harusi ile ambayo haijatokea, nani atalia na nani atazimia, na vidole vikawa vinafuata mdomo. Katika gunia hilo mlikuwa na jike kubwa, limekunja mkia tumboni kama mwanamke aliyeficha kitu kwenye pindo la leso. Mtama wake ulikuwa umekomaa, mweusi kama kivuli. Mwenye macho mabovu asingeuona, na mwenye vidole vyenye haraka asingeufikia. Batuli alimpapasa mgongo, akasema, "Huyu dume," akamrusha birikani.

Asubuhi, lori halijafika, akaja mtu asiyetarajiwa. Alikuwa Musyoka, kijana wa idara ya samaki, mgeni Malindi, aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi na viatu vilivyojaa mchanga. Shela walishamcheka sana kuwa serikali imekosa mtu ikamleta Mkamba ahesabu kamba. Yeye alicheka nao, kisha akahesabu. Wenzake ofisini walikuwa wakikagua birika kwa kunywa kahawa barazani kwa Abdulhalim. Huyu alikataa kahawa. Kwa hilo tu, mji mzima ukamwogopa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Bibi wa nani? Mimi umri wangu na wako tumeachana kidogo tu."

"Samahani, dada. Naomba kutazama birika."

"Tazama. Macho hayana kodi."

Abdulhalim akaja mbio, kofia imekaa upande. "Ah, bwana mkubwa! Ingia, ingia. Ila humo ndani giza, hutaona kitu, twende kwanza barazani..."

"Nimekuja na tochi," akasema Musyoka.

Akapiga magoti ukingoni, akawasha tochi, akaielekeza majini. Kamba wakubwa wakarudi nyuma kwa vishindo, wakasukumana pembeni, ndevu zikikwaruza ukuta. Maji ya katikati yakabaki matupu. Kisha hayakuwa matupu. Ndani ya ule mstari wa mwanga kukaanza kuonekana vumbi, na vumbi likazidi, na vumbi likawa linaogelea. Vilikuwa vidudu vyembamba kama karatasi ya sigara, vina miguu kama nyuzi, vinapenya mwanga kama kioo. Musyoka akaipeleka tochi kushoto. Vikaenda kushoto. Akairudisha kulia. Vikarudi kulia, vinapandiana.

"Mungu wangu!" Musyoka alisahau kama yuko kazini, sauti ilimtoka kama mtoto aliyeona gari moshi. "Jamani, njooni muone! Dada, njoo! Hawa ni watoto wa kamba. Wametoka kwenye yai alfajiri hii."

"Kamba gani huyo?" akauliza Batuli. "Kamba hana sura hiyo."

"Huanza hivi, bapa kama jani. Wakitoka tu kwenye yai hufuata mwanga. Ndivyo wanavyopanda juu ya maji, mkondo ukawachukua mbali, miezi na miezi. Wakishakua ndipo wanaanza kuuchukia, wanajificha mawemawe kama hawa wakubwa."

Batuli akafikiri kidogo. "Kumbe ni kama watu wa hapa. Watoto wanataka sinema, wazee wanataka giza."

Kadii alicheka mpaka akashika ukuta. Batuli hakucheka. Alikuwa ameinamia maji, na katika lile pazia lake la kila siku, pale tochi ilipokuwa, aliona weupe unaosogea. Hakuambiwa na mtu. Aliuona mwenyewe. Na polepole likamjia jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: kuwa kila suke alilosugua mferejini lilikuwa na weupe kama huo ndani yake.

Musyoka naye furaha ikamshuka, kazi ikamrudia. "Bwana Abdulhalim. Penye watoto pana mama. Humu mna jike mwenye mayai."

"Hao? Hao viroboto vya maji!" akasema Abdulhalim. "Hutoka kwenye mvua."

"Mvua ya lini?"

"Ile... itakayokuja."

Musyoka akasimama, akapangusa magoti. "Namfuata mkubwa wangu aje aone mwenyewe, pamoja na chupa ya kuwachukulia. Maji haya yasiguswe. Tukimpata na mama yao, leseni yako basi." Akaondoka.

Alipopinda kona tu, Abdulhalim akamgeukia Batuli, akamwinulia mkono mbele ya uso. "Vidole vingapi hivi?"

"Vya kutosha kuiba."

"Nakuuliza vingapi!"

Batuli akakisia. "Vitatu."

Abdulhalim alikuwa amekunja ngumi. Kadii akatazama chini, Fumo aliyekuwa mlangoni akatazama baharini.

"Kipofu!" akasema Abdulhalim. "Nimeweka kipofu alinde mali yangu! Sikiza, Batuli. Lori likishaondoka leo, na wewe ondoka, usirudi. Fumo, nenda kalizuie lori njiani. Ninyi wawili watoeni hawa kamba muwatie kwenye magunia ya maji. Mimi nakwenda kuleta dawa ya mbu niimwage humu, hivyo viroboto vife."

Wakabaki wanawake wawili. Kadii akaanza kuwatoa kamba, machozi yanamlengalenga. "Bi Batuli, utakwenda wapi?"

"Usinizike, bado napumua. Nipe hao kamba niwapapase."

Akapapasa mmoja baada ya mwingine, safari hii bila harusi ya mtu kichwani. Akafika kwa lile jike kubwa. Akamnyoosha mkia kwa nguvu. Chini yake vidole vikakuta ukwaruzo, maganda matupu yaliyobaki kwenye vijinywele, kama suke lililopepetwa.

"Karibu, mama watoto," akasema. "Umeniponza." Akamfunga kwa kitambaa kibichi, akamtia kikapuni, akafunika.

Kisha akasimama wima. "Kadii, huyu tajiri wetu ana akili ya mfuko, ya kichwa hana. Akimwaga dawa, hivi vitakufa, vikifa vitabaki majini, na yule kijana atavichota kwa kijiko. Maji ya nje yakoje?"

"Yamejaa, ndiyo yanaanza kushuka."

"Funga milango, ubaki upenyo wa jua tu. Ziba makuti yote kwa magunia. Hawa si wanataka sinema? Tutawapa."

Akatoa kioo chake cha wanja. Akasimama pale jua la upenyoni lilipopita, akalikamata kwa kioo, akaliangusha majini mbele ya tundu la kizibo. "Niambie, Kadii. Unaona nini?"

"Hamna kitu... Ngoja. Wanakuja. Yo! Wanakuja kutoka pembe zote! Bi Batuli, wamejaa kama maji ya mchele!"

"Sema wakiisha huko nyuma."

"Bado... bado... wachache... sasa basi."

"Vuta."

Kadii akavuta kizibo. Maji yakaunguruma kwenye tundu, na upande wa pili wa tundu jua lilikuwa limejaa baharini tele. Weupe aliokuwa akiuona Batuli ukanywea, ukawa mwembamba kama uzi, ukapita. Alikishika kioo mpaka Kadii alipomgusa bega. Wakafunga kizibo, wakaondoa magunia, wakawarudisha kamba majini.

Wanaume wote wakarudi kwa pamoja, Musyoka na mkubwa wake kwa mlango mmoja, Abdulhalim na chupa yake ya dawa kwa mwingine. Chupa ikapotelea ndani ya kanzu. Musyoka akapiga magoti, akawasha tochi. Kushoto. Kulia. Maji yalikuwa safi kama ya kutawadhia. Wakawatoa kamba wote, wakawatazama mmoja mmoja. Matumbo yalikuwa safi.

"Ndio hao watoto?" akauliza mkubwa, mtu mwenye tumbo lililozoea kahawa za barazani. "Musyoka, ulikula nini asubuhi?"

"Walikuwepo, mzee. Walikuja kwenye tochi."

"Waliokuja kwenye tochi ni usingizi." Akacheka peke yake, akaomba radhi kwa Abdulhalim kwa usumbufu, na bila ya kuambiwa akaelekea barazani kwenye kahawa.

Hapo kikapu cha Batuli kikalia. Kamba wa mawe akibanwa husugua mizizi ya ndevu zake, ikatoka sauti kama mlango wenye kutu. *Krrr.* Batuli akakohoa. *Krrr.* Akakohoa tena. Abdulhalim alimtazama, akaelewa, rangi ikamtoka.

"Dada," akasema Musyoka polepole, "kikapu chako kinalia."

"Njaa, mwanangu. Lakini kabla sijakujibu wewe, kuna neno nataka kumuuliza tajiri." Akamgeukia. "Abdulhalim, ulisema lori likiondoka na mimi niondoke?"

"Nani? Mimi?" Kumbukumbu fupi ilimjia kwa wakati wake. "Hapana, Bi Batuli! Hapa ni kwako!"

*Krrr.*

"Hata na macho yangu haya?"

"Macho ni ya Mungu."

"Na ile brashi?"

"Brashi gani?"

*Krrr, krrr.* Batuli akaanza kufungua kifuniko, taratibu kama anayemfunua bibi harusi.

"Itupwe!" akasema Abdulhalim. "Wallahi, itupwe. Jike mwenye mtama hakai humu tena. Atatokea hapo hapo kwenye tundu."

"Wewe Kadii umesikia. Na wewe kijana umesikia." Ndipo akafunua kikapu mbele ya Musyoka.

Musyoka alimgeuza jike yule, akayaona maganda chini ya mkia, akageuza kichwa kutazama baraza lilipo, kicheko cha mkubwa wake kikiendelea, vikombe vikigongana. Ungeweza kuona leseni ya Abdulhalim ikipita kwenye uso wake, na cheo, na jina zuri ofisini. Kisha akakifunika kikapu.

"Sheria inasema jike arudishwe baharini," akasema. "Haisemi apitie ofisini kwetu. Twende, nione kwa macho yangu."

Wakaenda. Batuli akapandisha buibui mpaka magotini, akaingia maji, akamwachia. "Umenivunjia kazi leo, dada," akasema Musyoka.

"Na wewe ulitaka kunivunjia yangu. Tumelipana."

Msidhani kuwa Malindi ilitakasika. Brashi ilitupwa kweli, lakini wiki haijaisha ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine, birika jingine, mbele kidogo ya ufuo. Hoteli ziliendelea kufunga watu vitambaa shingoni. Abdulhalim alinung'unika kila jike lilipotokea tunduni kana kwamba ni binti yake anayetoroshwa. Ila humo birikani mwake, kwa vidole vya Batuli, hapana suke lililosuguliwa tena.

Musyoka ndiye aliyemletea habari kuwa madaktari wa macho wa kizungu wanakuja hospitali. Batuli alikataa. Alisema hataki mzungu amwingizie kisu machoni, na tena ameshawaona wanaume wa kutosha, hana haja ya kuwaona zaidi. Musyoka hakubishana. Alisema tu, "Basi vile vitoto hutaviona sawasawa." Siku hiyo Batuli alifanya kazi bila kumtukana mtu, jambo lililomtia Kadii hofu. Kesho yake akauliza gari la hospitali linaondokea wapi.

Alirudi amepasuliwa macho, amevaa miwani mizito kama vitako vya chupa. Alivyoona Kisumu Ndogo ilivyo chafu, alitukana mtaa mzima kwa zamu. Kisha akangoja. Fumo alipoleta jike mwenye mtama mweusi, Batuli akamwomba Abdulhalim jike huyo asitolewe tunduni bali abaki mpaka azae. Na Abdulhalim, aliyekwisha kujua kuomba kwa Batuli kulivyo, akakubali. Asubuhi watoto walipotoka, Kadii akaziba makuti, Batuli akatega kioo, mwanga ukaanguka majini.

Wakaja. Safari hii hakuhitaji kuambiwa. Aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa maji, akakiona kimoja, bapa, cha kioo, miguu imetapakaa, na juu yake nukta mbili nyeusi zimesimama kwenye vijiti. Macho. Yalikuwa yanatazama kule kule anakotazama yeye.

"Haya?" akauliza Kadii. "Wakoje?"

"Sura mbaya kama wajomba zangu," akasema Batuli. Hakuinuka. "Vuta kizibo. Polepole, usiwatie hofu."